Azumi na Sehemu ya Tatu

Delu hupenda kuwaambia wageni kwamba alipoletwa nyumba ile kama mke wa pili, mke mwenzake alimpokea kwa kitabu. "Wenzangu walipokewa kwa mdomo," husema. "Mimi nilipokewa kwa sura ya kwanza."

Anasema kweli. Azumi alikuwa na miaka thelathini wakati huo, mke wa kwanza wa Malam Iliyasu, muuza kofia wa mtaa wa Yakasai, Kano. Kwa wiki mbili yeye na bibi harusi hawakuwa na la kuzungumza zaidi ya chumvi na maji. Kazi ya wanawake wa nyumba ile ilikuwa kushona kofia, na bado ndiyo: zile kofia za nakshi ambazo mwanamume huvaa moja kwa majivuno siku ya Ijumaa, na mwanamke ameishona miezi miwili. Ushonaji hufunga macho na mikono, lakini masikio huyaacha wazi. Azumi akaona afadhali ayajaze yeye kabla majirani hawajayajaza. Akachukua riwaya aliyokuwa akiisoma peke yake chumbani, akarudi ukurasa wa kwanza, akasoma kwa sauti. Delu, ambaye alisomeshwa Kurani tu, alishona mpaka uzi ukaisha sindanoni naye akaendelea kuchoma kitambaa kitupu.

Baada ya mwezi, majirani wawili walihamishia kofia zao ua ule. Baada ya mwaka walikuwa tisa. Kwa kuwa anayesoma hashoni, wakakubaliana kwamba kila msikilizaji amshonee Azumi mstari mmoja kwa siku. Ndiyo maana kofia za Azumi hujulikana sokoni. Mtu mwenye jicho huona kwamba zimepitia mikono kumi, mmoja unavuta uzi, mwingine unalegeza, na wapo wanaozipenda hivyohivyo.

Vitabu vyenyewe ni vijitabu vyembamba vya Kihausa, kurasa themanini au mia, karatasi inayogeuka kahawia kabla mtoto hajaota meno. Jaladani kuna mwanamke anayelia au anayekaribia kulia. Hadithi moja hukatwa vipande viwili, vitatu, hata sita, na kila kipande huuzwa peke yake, sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, na kuendelea. Wengi wa waandishi ni wanawake walioandika katika madaftari ya shule baina ya kunyonyesha na kupika. Wanaume wa chuo kikuu waliviita vitabu vya jikoni. Nimeishi miji mingi yenye vitabu vya jalada gumu ambavyo hakuna aliyewahi kuvifungua, kwa hiyo jina hilo sikuliona kama tusi. Nilipopanga chumba nyumba ya pili kutoka kwao nilikaribishwa uani kwa Azumi, nikapewa sindano, na baada ya siku tatu nikanyang'anywa. Nikaachiwa kusikiliza tu, miaka minne.

Riwaya aliyoipenda kuliko zote ilikuwa Zamu Yangu Haijafika, ya Hinde Barau, sehemu tatu. Hinde aliishi mitaa miwili kutoka hapo, na alipofariki Azumi alikwenda kumwosha. Katika riwaya hiyo kuna Ladi, anayeolewa mke wa tatu na kuishi akihesabu zamu, zamu ya kupika, zamu ya chumba, zamu ya kusema. Azumi aliisoma yote kila msimu wa mvua, kwa sababu mvua huzuia watu kuondoka kabla ya mwisho.

Tatizo lilikuwa kwamba mume wa Ladi katika kitabu anaitwa Iliyasu. Mke wa Kihausa aliyelelewa vizuri hatamki jina la mumewe, hata kama jina hilo limebebwa na mwanamume mwingine, hata kama limeandikwa. Azumi akamsoma kama Mwenye Mji. Mwenye Mji akaingia, Mwenye Mji akakasirika. Binti mmoja wa jirani alipojifunza kusoma na kuinunua sehemu ya kwanza mwenyewe, alirudi analalamika kwamba kuna mwanamume mgeni ameingia hadithini anaitwa Iliyasu, na Mwenye Mji hajulikani amekwenda wapi. Wanawake walicheka wiki nzima. Malam Iliyasu naye, kule ukumbi wa mbele, nasikia alijivunia.

Na kama mume hatajwi, mtoto wa kwanza ndiye kabisa. Mama hamwiti kwa jina, hampakati mbele za watu, na mara nyingi humpeleka kwa bibi akalelewe huko. Mtoto wa kwanza wa Azumi ni Saratu. Alikulia kwa bibi yake, upande wa pili wa ua uleule, akaolewa Bauchi akiwa na miaka kumi na saba, akafiwa na mume, akarudi Kano, akasoma, akawa mwalimu wa sekondari ya wasichana. Leo ana miaka arobaini na nne. Katika miaka yangu minne sikumsikia mama yake akilitamka jina lake. Alipokuwa mdogo alikuwa "yule wa kwa bibi", na tangu afundishe ni "Mwalimu". Wakiwa na jambo la kuambiana hulipitisha kwa Delu, ambaye hukaa kati yao kama mkalimani baina ya watu wanaosema lugha moja.

Mwezi wa Rajabu, Saratu alikuja na habari. Kundi la walimu pamoja na kiwanda kidogo cha uchapaji walikuwa wanachagua riwaya kumi za miaka arobaini iliyopita, za kuchapwa upya kwa karatasi nzuri na jalada gumu, ziwekwe katika maktaba za shule, wajukuu wazikute. Kila mtu aliruhusiwa kupendekeza moja kwa barua. Sharti lilikuwa kwamba kitabu kiwe kizima, sehemu zote, na kiwafikie kabla ya mwezi wa Shaabani kwisha. Kisichotimia hakingechapwa, na walisema wazi kwamba hawatarudia zoezi hilo.

Saratu alikwisha kupendekeza Zamu Yangu Haijafika. Alisoma barua yake pale uani, akimtazama Delu. Sehemu ya mwisho niliinakili baadaye:

"Mwisho wa riwaya, gari la harusi linamsubiri Mairo, mtoto wa kwanza wa Ladi. Binti anagoma kupanda mpaka mama yake amwite kwa jina, maana hajawahi kuitwa naye. Ladi anafunika uso kwa mtandio, hasemi neno, na gari linaondoka. Sijui ukimya mwingine ulioandikwa vizuri kama huu. Wajukuu wetu wataiacha mila hii. Wakitaka kujua iligharimu nini, wausome ukurasa huo."

Wanawake walikubali kwa vichwa, mmoja akafuta macho. Azumi aliomba, kupitia kwa Delu, asomewe tena pale pa mtandio. Akasomewa. Kisha akasema anakwenda kutazama moto, na jikoni hakukuwa na moto.

Hapa niseme jambo ambalo mtaa mzima haukulijua. Hakuna mtandio katika kitabu cha Hinde Barau. Pale mwishoni Ladi anatoka chumbani na kumwita binti yake kwa jina mbele ya watu wote. Azumi aliufikia ukurasa huo mara ya kwanza miaka minne baada ya Saratu kupelekwa Bauchi, mbele ya wasikilizaji tisa. Siku ya harusi ya Saratu yeye alikuwa chumbani, mlango umefungwa, kama inavyompasa mama, akisikiliza gari likiwashwa. Alipouona ukurasa ule ulimi ulikataa. Akatunga mtandio papo hapo, sentensi mbili, wanawake wakalia, na tangu siku hiyo hapakuwa na njia ya kurudi nyuma. Aliniambia hayo jioni ya siku ya barua, mlangoni kwangu, amesimama, kama mtu anayeripoti mbuzi aliyepotea.

Sehemu ya tatu ilichapwa nakala chache, na ya kwake aliiazimisha miaka mingi iliyopita kwa Jummai, mpwa wa jirani, aliyeolewa Zaria, akaachwa, akaolewa tena kusikojulikana. Tangu hapo Azumi aliisoma kwa kichwa, ameshika sehemu ya pili na kugeuza kurasa zake kama kawaida, kwa sababu wasikilizaji hawaamini mikono mitupu. Kwa hiyo Saratu hakuwahi kuiona sehemu ya tatu. Alirudi kutoka Bauchi kitabu kimekwisha kuondoka, akaisikia tu.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda na Azumi sokoni Kurmi, kwa Malam Tanimu, muuza vitabu. Tanimu ni mtu wa Zaria, na baina ya Zaria na Kano kuna utani ambao haujui umri wala msiba.

"Mtu wa Kano amekuja kutafuta kitu, si kuuza?" alisema. "Ngoja nimwite mpiga picha."

"Nimesikia mtumwa wetu amefungua duka," Azumi akamjibu. "Nimekuja kuona kama anaiba."

Tanimu alitandika mkeka, akatoa maboksi yote. Sehemu ya kwanza zilikuwa saba, ya pili tatu, ya tatu hakuna. Alisema zile nakala chache ziliishia kwa wauza karanga, mafungu ya kufungia, wakati mchapaji alipofunga kazi. Azumi akamweleza habari ya Jummai.

"Inna," Tanimu alisema, akimwita kwa heshima kama mtaa umwitavyo, sasa bila utani, "kitabu cha kuazima ni mke wa talaka tatu. Hakirudi kwako mpaka kipite nyumba nyingine." Akaahidi kumwandikia dada yake Zaria aulize.

Wiki tatu zikapita bila jibu. Shaabani ilipofika katikati, Saratu akaja na mashine yake ya kuandikia, kompyuta ndogo ya kukunja, na wazo ambalo kila mtu alikuwa nalo ila aliogopa kulisema: sehemu ya tatu iko kichwani mwa Inna, basi iandikwe kutoka huko. Kundi la walimu lilikubali, ila wakataka watu wawili wanaokijua kitabu watie saini kwamba ndivyo kilivyo. Saratu aliona hilo ni jepesi. Mtaani wako arobaini.

Wakaanza Jumatatu baada ya sala ya alasiri. Azumi alikaa akitazama ukuta wa ghala, Saratu akakaa mlangoni mwa chumba cha bibi yake marehemu, Delu katikati na kofia yake. Azumi alisema sentensi, Delu akairudia kwa sauti, Saratu akaandika. Kulikuwa na haja gani ya kurudia, wakati wote walisikia? Sikuuliza. Jambo likipitia kwa Delu halikuwa tena maneno ya mama kwa mtoto wake wa kwanza, lilikuwa habari tu ya nyumbani. Azumi alikumbuka kurasa mfululizo, hata mahali Hinde alipokosea siku ya soko. Mume wa Ladi aliendelea kuitwa Mwenye Mji, na Saratu aliandika Iliyasu bila kusema chochote. Delu ndiye aliyekuwa na shida. Ilipofika sura ya ugomvi wa wake, alirudia maneno ya mke mkubwa kwa raha zaidi kuliko yalivyostahili.

"Hapo hapakuwa na 'kizee wewe'," Azumi alimwambia.

"Nimeliongeza liwe zito."

"Lipunguze."

Siku nne za kwanza Azumi alinihakikishia, kila tukikutana, kwamba ataacha mtandio palepale. Alikuwa na sababu na alizipanga vizuri. Barua ya Mwalimu ilikwisha kwenda. Watu arobaini wanaujua mtandio. Hinde amekufa, Mungu amrehemu, hatadai. Siku ya tano hakusema lolote.

Siku ya sita, Jumamosi, walifika mwisho.

"Mairo akashika mlango wa gari," Azumi alisema. "Akasema hapandi mpaka mama yake amwite."

Delu akarudia. Saratu akaandika, kisha akamwambia Delu kwamba yaliyobaki hayahitaji kusemwa, anayajua, na vidole vyake vikawa vimekwisha kuanza.

"Mwambie asubiri," Azumi alisema.

"Asubiri nini?" Delu akauliza. "Mama anafunika uso, gari linaondoka, tunalia, tunakwenda kupika."

"Mwambie asubiri. Ladi alitoka chumbani bila mtandio."

Delu hakurudia. Aliweka kofia chini. "Bila nini?"

"Bila mtandio. Rudia."

"Mwenzangu, nimeulilia mtandio ule zaidi ya miaka ishirini. Leo unanivua?"

"Rudia tu, Delu."

Azumi akaendelea kwa sauti ya chini, maneno machache, akimwelekea Delu, na Delu akasikiliza mpaka mwisho. Alipomaliza, Delu alichukua tena kofia yake, akaitafuta sindano.

"Hilo silirudii," alisema. "Si langu. Mtoto yuko hapo na masikio anayo."

Jirani aliyekuwa anachambua mchele aliacha. Azumi aligeuka akautazama ukuta wa ghala kabisa, mgongo wake wote ukawa kwa Saratu, akasema kwa sauti yake ya kusomea, ile inayofika mpaka chooni:

"Ladi alitoka chumbani bila mtandio, akapita katikati ya watu mpaka kwenye dirisha la gari. Akamwita. Mairo, akasema. Mairo. Mairo. Kisha dereva akawasha gari."

Saratu hakuandika. Alisema, "Mama Delu, muulize Inna kama hivyo ndivyo kilivyo kitabuni."

"Ndivyo," Azumi aliuambia ukuta.

"Muulize kwa nini hakuwahi kukisoma hivyo."

"Mwambie nilikisoma hivyo kila mara," Azumi alisema. "Kwa macho."

Saratu aliandika sentensi zile, akafunga mashine, akaondoka bila kunywa fura, uji baridi wa uwele na maziwa, aliyokorogewa. Delu aliinywa yeye, akisema haifai kumwaga.

Saratu alirudi Jumatatu, na mambo ya kupanga yalikuwa mengi kuliko ya kuzungumza. Barua yake ilisifu ukimya ambao haumo kitabuni, na ilikwisha kusomwa na watu wazima sita. Aliandika nyingine, fupi, akikiri kwamba aliandika kwa kusikia na si kwa kusoma, jambo ambalo huwapunguzia wanafunzi wake alama. Ndipo likaja suala la saini.

Hakuna aliyetaka kutia. Wanawake wa Yakasai walikaa pale uani, mmoja baada ya mwingine akasema kwa adabu kwamba alichokisikia ni mtandio. Jirani mmoja alidokeza kwamba Inna Azumi anazeeka, na si aibu. Mwingine alisema mama mwenye haya hawezi kufanya vile, na Hinde Barau alikuwa na haya. Walijitolea. Andikeni mtandio, walisema, tutawaletea mashahidi mpaka mkose karatasi. Hata Delu, alipoombwa, alikuna kichwa chini ya kilemba.

"Nimeusikia mtandio mara ishirini na zaidi," alisema, "na bila mtandio mara moja. Mbele ya kadhi yupi moja inashinda?"

Kwa hiyo uongo ulikuwa na mashahidi arobaini na ukweli haukuwa na hata mmoja, na siku zilizobaki zilikuwa tano. Saratu alimtuma Delu akamuulize Inna afanyeje. Delu hakuhitaji kutembea, walikuwa hatua tatu.

"Kitabu si changu," Azumi alisema. "Kama hakiwezi kwenda kilivyo, kibaki."

Saratu alikipeleka kilivyo, pale pa saini pakiwa patupu. Jibu lilikuja siku ya pili, la heshima: bila mashahidi wawili, au nakala iliyochapwa, wataweka riwaya nyingine mahali pake ifikapo Ijumaa. Azumi alipoambiwa aliitikia, akafungua riwaya nyingine, na akawasomea wanawake sura tatu bila kikohozi. Mstari wake wa kofia siku hiyo walimshonea miwili miwili.

Alhamisi, karibu na adhuhuri, sauti ilisikika kutoka ukumbi wa mbele, nyuma ya pazia ambapo wanaume wageni hukomea.

"Enyi watumwa wa Kano, mko?"

"Mtumwa ni yule anayebeba mzigo," Azumi alijibu bila kuinuka. "Wewe umebeba nini?"

"Nimebeba aibu yenu. Nyinyi mnauza mpaka kivuli cha mti. Sisi Zaria tunatunza." Mkono wa Tanimu ukapita chini ya pazia na kitu kilichofungwa kwa mfuko wa plastiki. Dada yake alimpata Jummai, si mbali, kwa mume wa tatu, na kitabu kilikuwa chini ya sanduku la vyombo vyake vya harusi, kikizuia sanduku lisiyumbe. Hakikuwa na jalada la nyuma. Jalada la mbele lilikuwa na alama ya kidole gumba cha hina, ambayo Azumi aliiweka mwenyewe siku aliyokisoma akitoka kwenye sherehe ya kumpa mtoto jina, hina haijakauka.

"Kimepita nyumba tatu," Delu alisema. "Sasa ni halali yako."

Saratu aliitwa kutoka shuleni. Alikuja na chaki bado mikononi, akaketi palepale mlangoni kwa bibi yake, akafungua mwisho wa kitabu. Tulimtazama akisoma. Alisoma kwa muda mrefu kuliko ukurasa ulivyo, kisha akachukua mashine yake, akatafuta mahali, akalinganisha kwa kidole. Bila mtandio, palikuwa. Katikati ya watu, palikuwa. Dirisha la gari. Majirani walisogea, na yule aliyesema Azumi anazeeka alikuwa wa kwanza kuomba kalamu, ingawa kalamu haikuhitajika tena.

"Kuna tofauti moja," Saratu alisema, akimtazama Delu. "Hapa Ladi anaita mara moja. Mairo, halafu dereva anawasha gari. Sisi tumeandika mara tatu. Mwambie Inna."

Delu alifungua mdomo. Azumi alikuwa amekwisha kuinuka. Alivuka ua, akasimama mbele ya binti yake, akachukua kitabu na kukisogeza mbali na macho, kama wanavyofanya watu wa umri wake, akausoma mstari.

"Futa mawili," alimwambia. "Hayo ni yangu."

Saratu akafuta mawili. Akauliza kama kuna fura, Delu akasema iko, ila safari hii asiiache. Kabla ya magharibi alikuwa amekipeleka kitabu, nakala na mashine vyote pamoja. Riwaya ilitoka mwaka uliofuata, jalada gumu la kijani, na katika ukurasa wa mwisho Ladi anaita mara moja tu.